Bustani Yenu Imempoza Transfoma

Elkanah Shivachi,
Mtaa wa Mukhonje,
Kakamega.

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Bustani ya Mtaa.

Ndugu Mwenyekiti Zipporah,

YAH: MADHARA YA BUSTANI KWA FAHALI

Pokea salamu zangu. Nakuandikia kama Mwenyekiti, si kama shemeji yangu, kwa hivyo naomba mume wako Willis asiione barua hii. Nimekuwa mwandishi wa habari kwa miaka thelathini na moja na najua kutenganisha mambo.

Fahali wetu Transfoma, ambaye mimi na Willis tunammiliki pamoja, alishinda mapigano sita katika uwanja wa Malinya. Tangu kamati yako ifungue bustani mwezi wa pili, hajashinda hata moja. Sababu ni hizi:

1. Penye bustani palikuwa na jaa la taka. Kila asubuhi Transfoma alipita hapo akaona moshi, mifuko ya plastiki na mbwa wasio na wenyewe. Alirudi nyumbani amekasirika, na hasira ni nusu ya kazi yake. Sasa anapita kwenye nyasi na maua. Fahali hawezi kulichukia ua la manjano kwa muda mrefu. Nimemtazama akijaribu.

2. Fahali wa kupigana hufugwa peke yake, mbali na watu, ili siku ya pambano kila kitu kimuudhi. Nakiri kwamba nilimfunga mimi mwenyewe kando ya uzio wenu, kwa sababu ya nyasi. Lakini hakuna aliyenijulisha kwamba Jumanne kuna kikundi cha kusoma. Watoto wakaanza kumsomea. Kufikia hadithi ya tatu alikuwa amelala chini, na walipofunga kitabu alilia.

3. Hili ndilo kubwa. Kwa desturi yetu, fahali husikia ngoma za isukuti siku ya pambano tu. Ngoma zikilia, anajua adui amefika. Kamati yako imeanzisha mafunzo ya isukuti kila Jumamosi saa kumi jioni chini ya mwalimu Elvis, na wanafunzi, kwa wema ambao hakuna aliyeuomba, humletea Transfoma majani ya viazi vitamu huku ngoma zikipigwa. Sasa akisikia ngoma anajua jambo moja tu: chakula kimefika.

4. Matokeo yalionekana Malinya Jumamosi iliyopita asubuhi. Ngoma zililia. Fahali kutoka Mukumu akainamisha pembe. Transfoma akampita kama mtu anayempita jirani sokoni, akaenda moja kwa moja kwa wapiga ngoma, akaweka kidevu juu ya ngoma kubwa na kungoja. Mtu mmoja akapaza sauti: "Mzee Elkanah! Huyo ni fahali ama ni katekista?" Mwingine: "Mpeleke kwaya, huku amepotea njia!" Mama mmoja akanitetea: "Wacheni baba wa watu. Fahali wake ameokoka." Utetezi huo ndio ulioniumiza zaidi.

5. Madhara yameanza kufikia binadamu. Jumatatu nilisalimiwa mara kumi na nne na watu ambao nimeishi nao miaka ishirini bila usumbufu wowote.

Willis amesema Transfoma akikataa kupigana mara ya pili, anakwenda buchari. Pambano lijalo ni baada ya wiki tatu. Huyu ni fahali ambaye nilimnywesha maziwa kwa chupa mama yake alipokufa. Kwa hivyo naiomba kamati:

(a) ifunge bustani kwa wiki tatu;

(b) irudishe lori moja la taka mahali pake pa zamani, ikiwezekana pamoja na mbwa;

(c) iwapange watoto wa kikundi cha kusoma kwa zamu, wamtukane Transfoma nusu saa kila siku. Naambatisha orodha ya matusi ishirini, yote yanayoweza kusemwa mbele ya padri.

Sidhani kwamba haya ni mengi. Mtaa uliishi na jaa hilo miaka mingi na hakuna aliyeandika barua.

Nisalimie wanakamati wote, mwalimu Elvis, akina mama wa mboga, na Willis pia, bila kumwambia salamu zimetoka wapi.

Ni mimi, mkazi mwenye malalamiko na heshima zake,
Elkanah Shivachi.

N.B. Kabla sijafunga bahasha, Willis amepita hapa. Hatangoja pambano. Mwenye buchari anakuja kumchukua Transfoma Jumamosi hii saa kumi. Tafadhali msifunge bustani. Mafunzo ya ngoma yaanze saa tisa, watoto wote waje, na majani ya viazi yawe mengi. Nitamleta mwenyewe. Namtaka huyo mwenye buchari aombe kamba ya Transfoma mbele ya watoto arobaini. Orodha ya matusi sikuiambatisha. Nilimsomea Transfoma ili kuijaribu, akalala kwenye tusi la nne. Mfungue lango kubwa. Lango dogo halimtoshi, nimelipima.