Wakili Onabanjo, Mtunza Siri za Wageni

Asubuhi ile Wakili Babatola Onabanjo alisoma kitu kwenye kompyuta mpaka akara zake, bajia za kunde, zikapoa mezani. Mgeni mmoja alikuwa ameandika kwenye tovuti ya ofisi. Anaitwa Ekundayo, yuko Toronto. Baba yake amefariki, amemwachia nyumba mtaa wa Surulere, Lagos, naye anataka kuiuza upesi kwa nusu ya bei kupitia binamu yake aliye huko, mwanamke mwenye hati zote. "Naomba ushauri wenu kabla mtu mwingine hajajua," aliandika.

Tovuti ile, jamani! Ukiifungua tu unakutana na wakili kavaa wigi na joho, na chini yake ahadi ndefu kuliko mahubiri ya mkesha: taarifa zako hatumpi mtu, hatuuzi, hatuzitumii ila kwa faida yako. Eleza shida yako hapa, acha namba ya simu, ushauri wa kwanza bure. Na watu wakaeleza! Walimkabidhi fisi bucha. Mwenye madeni akauzwa kwa wanaomdai, mke anayetaka talaka akauzwa kwa mumewe.

Wuraola, mjane muuza vitambaa wa soko la Balogun, naye aliwahi kuandika, kabla ya huyu wa Toronto. Shemeji zake wanalinyemelea duka la marehemu, akasema, na Jumatatu anakwenda mahakamani. Wakili akawapigia hao shemeji, wakaelewana bei. Jumamosi kufuli la duka lilikuwa limekwisha kubadilishwa.

"Ulidhani yule wakili ni wako?" shemeji mdogo alimcheka mlangoni, mbele ya watoto wa Wuraola. Duka ndilo lililokuwa likiwalisha.

Utauliza, wakili hana aibu? Aibu ya nini! Mwezi uliokuwa unakuja alikuwa avishwe uchifu kwao Ijebu, na ng'ombe wa karamu walikuwa wamekwisha chaguliwa.

Ekundayo alijibiwa kwa upole wa kipadri: suala lako ni zito, usimuuzie yeyote mpaka tukujibu. Kisha mheshimiwa akazitoa benki fedha zote za uchifu, akavaa kanzu pana ya agbada na kofia nyekundu, na Jumapili akaenda Surulere akijiita Alhaji Lamidi, muuza saruji.

Kitu cha kwanza alichokagua ni ukuta. Lagos, mwenye nyumba huandika kwa herufi kubwa nje: NYUMBA HII HAIUZWI. Asipoandika, atarudi kutoka kanisani akute wajanja wameshaiuza. Ukuta huu ulikuwa mweupe pee, hauna hata nukta. Rangi ilikuwa bado inanukia, lakini tamaa ikishapanda kichwani pua hazifanyi kazi.

"Safi," wakili alijisemea. "Hii inauzwa."

Binamu alimpokea ukumbini kwa malta baridi. Wewe umeshamjua, ni Wuraola. Yeye wakili hakumjua, kwa kuwa hakuwahi kumwona uso. Alichonunua na kuuza ni shida zake tu. Ekundayo wa Toronto hakuwahi kuzaliwa. Mlinzi wa getini ni kaka yake Wuraola, naye ndiye aliyepaka ukuta chokaa alfajiri, wenye nyumba walipoondoka kwenda kambi ya maombi.

"Alhaji, mikono laini hivi, kweli unabeba saruji?"

"Nabebesha wengine, mama."

"Haya. Ila kuna mama mmoja anakuja jioni na pesa taslimu. Na Ekundayo anasema kuna wakili wake anamshauri tusubiri."

"Wakili!" Onabanjo aliguna kwa dharau. "Mama yangu, mawakili wa mji huu ni wezi watupu. Achana nao."

"Ndivyo wanavyosema?"

"Mimi nawafahamu!"

"Basi nakuamini wewe, baba," alisema Wuraola, na akasukuma hati mbele yake. Begi la fedha likabadili mikono. Risiti ikaandikwa kwa jina la Alhaji Lamidi, na mheshimiwa akaikunja kwa furaha.

Jumatatu alirudi na fundi wa kubadili vitasa. Alimkuta mwenye nyumba, mwalimu mkuu mstaafu, getini, brashi mkononi, anaandika upya ukutani huku akimlaani mlinzi aliyetoroka.

"Mimi ndiye niliyenunua hapa," wakili alisema.

"Umenunua nini, mwehu wewe? Husomi? Toka kabla sijafungulia mbwa!"

Alifika ofisini anatweta, akashika simu kuwaita polisi. Hapo akili ikamrudia. Wataniuliza nilijuaje kuhusu nyumba. Niseme niliiba siri ya mteja wangu? Wataniuliza nani aliyeibiwa. Niseme Lamidi? Yuko wapi huyo Lamidi? Na wazee wa Ijebu niwaambie nini?

Kompyuta ikalia. Kuna mgeni ameandika.

"Mimi ni mjane. Shemeji zangu walininyang'anya duka, basi nimemuuzia Alhaji mmoja nyumba isiyo yangu, na leo nimefungua duka jipya. Je, akienda mahakamani nitafungwa? Naomba ushauri wa kwanza, ule wa bure. Nimesoma ahadi zenu zote mpaka mwisho, najua hamtamwambia mtu. Wuraola wa Balogun."

Jina analo, namba ya simu anayo, kosa lenyewe analo kwa maandishi. Jasho lilimtoka mpaka kwenye soksi.

Akaiweka simu chini taratibu. Hiyo, ndugu zangu, ndiyo siri ya kwanza ya mgeni ambayo Wakili Onabanjo aliwahi kuitunza.