Hisa za Wanafunzi Wangu

Jumatatu, 3 Machi

Nimeamka na mpango. Daktari alinikataza kuamka na chochote, hasa mpango. Anasema moyo umechoka, kila siku ninayoiona sasa ni nyongeza. Basi! Mtu anayeishi kwa nyongeza hana muda wa kusubiri.

Mdororo wa uchumi umeangusha kila kitu. Hisa zinauzwa bei ya kutupa. Gazeti linasema huu ndio wakati wa kununua, na nimelisoma mara mbili, mara ya pili kwa miwani. Fedha ninayo. Yaani, si yangu. Ni ya binti yangu, fundi cherehani. Mambo yalipoharibika alifunga duka, akauza mashine zote isipokuwa moja, akaiweka fedha kwenye akaunti yangu ili yeye asiile. Jumatano ya wiki ijayo analipia chumba kipya. Kitu kinaweza kupanda sana kabla ya Jumatano.

Nataka nimwachie zaidi ya vitabu na kiti kibovu. Naandika ili nikishazikwa asisingiziwe dalali wa hisa nitakayemtumia.

Jumanne, 4 Machi

Nimempigia dalali wa hisa. Kijana mpole, ananiita mwalimu ingawa sikumfundisha. Kaniuliza kama najua maana ya kutawanya mtaji. Mimi! Nimekuwa mwalimu mkuu miaka mingi, nimetawanya wapiga kelele maisha yangu yote. Kanuni ni ileile: usiwakalishe pamoja.

Nimechagua kwa utaalamu. Wanafunzi wangu wanne, wote wa darasa moja, sasa wanaongoza kampuni zilizo kwenye soko la hisa; nawaandika kwa majina yao ya utani. Saruji ni ya Kichwa, aliyekaa mbele. Benki ni ya Kiranja, katikati. Bima ni ya Msinziaji, dirishani. Ujenzi ni wa Domo, nyuma kabisa karibu na mlango, kwa sababu alizozijua mwenyewe. Mbele, katikati, dirishani, nyuma. Mtaji umeenea darasa zima!

Dalali amesema hajawahi kukutana na njia hiyo. Nimemshukuru.

Alhamisi, 6 Machi

Saruji imepanda! Kidogo, lakini imepanda. Moyo umedunda kama wa kijana.

Mdogo wangu amekuja kunijulia hali. Tunamwita Hatifungani, kwa kuwa amewekeza kila senti kwenye hatifungani za serikali na hana mazungumzo mengine. Kakaa ukingoni mwa kitanda, kala machungwa yangu, kanisimulia anavyolala usingizi mnono. Nimemwambia hata darasani alilala mnono. Akauliza kama bado naota mambo ya hisa hali mguu mmoja uko kaburini. Nimemjibu kwamba ninao wa pili. Alicheka mpaka binti yangu akaja kuangalia nani kapaliwa.

Binti alinionyesha picha za chumba kwenye simu. Dirisha kubwa linatazama barabara. Meza ya kukatia itakaa hapa, kioo pale. Wateja wa zamani keshawaahidi. Nimeuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mwenye nyumba anaweza kungoja wiki moja. Kanitazama. Kauliza kama nina maumivu. Nimesema kidogo. Kaniletea dawa, nikanywa. Chungu!

Ijumaa, 7 Machi

Maangamizi.

Domo kasimamisha ujenzi, hana fedha. Hajamlipa Kichwa saruji. Kichwa kashindwa kulipa mkopo wa benki ya Kiranja. Mkopo wenyewe Kiranja aliukatia bima kwa Msinziaji. Hadi adhuhuri wote wanne walikuwa chini.

Dalali kanieleza polepole, kama anayeongea na mgonjwa, ambaye ni mimi. Kumbe wanakopeshana na kudhaminiana siku zote. Ningejua! Nilikuwa najua! Wale wanne waliwahi kunijibu swali moja la mtihani kwa kosa lilelile, neno kwa neno. Nikawatawanya pembe nne za darasa. Mtihani uliofuata: kosa moja, pembe zote nne. Nimeona kwa macho yangu haya, na bado nimenunua pembe zote nne.

Nimegeuza mto. Nimekaa. Nimelala. Nimekaa tena.

Jumatatu, 10 Machi

Wikiendi ndefu kuliko zote. Asubuhi nimepiga simu ofisini kwa Kichwa. Katibu wake kasema bosi yuko kikaoni. Nimemwambia amwambie mwalimu mkuu yuko mlangoni. Kaja simuni anahema! Shikamoo mwalimu, shikamoo mwalimu, mara mbili. Nimemwagiza apandishe hisa kabla ya Jumatano. Kasema hisa hazipandishwi kwa kuagizwa. Nimemwambia huo ni utetezi wa mvivu. Akashusha sauti, akaniomba nisiuze, maana watu wakisikia mwalimu kauza watatishika.

Nimejisikia mtu. Sikuuza.

Jioni zimeshuka tena.

Jumanne, 11 Machi

Nimeuza. Kimebaki chini ya nusu, na hicho nacho hakifiki kabla ya Ijumaa.

Nimemwita binti yangu, nimemwambia yote. Alikuwa anapiga pasi. Hakupiga kelele, ningeshukuru angepiga. Akasimamisha pasi, akasema, "Baba, ungeniomba tu, nikukatalie." Nimesema nilitaka kumwachia kitu. Kasema alikuwa nacho tayari. Kisha akampigia mwenye nyumba, akamwambia chumba ampe mtu mwingine. Aliongea kwa adabu kupita kiasi.

Simu yangu kaichukua.

Alhamisi, 13 Machi

Duka limefunguliwa. Chumbani kwangu! Ndicho chumba pekee chenye mwanga. Cherehani iko miguuni pa kitanda, kioo kimeegemezwa kabati langu la dawa. Binti anasema aliye na deni asilalamikie kelele. Nimegeuzwa uso ukutani mara kadhaa, wateja wanapopimwa. Jana usiku nilimsikia analia jikoni, na nimeuchukia moyo wangu kwa sababu zisizomhusu daktari. Nimejiapia: hisa basi.

Ijumaa, 14 Machi

Mteja wa leo, mama mnene mcheshi, kumbe nilimfundisha. Mkondo B! Darasa la jirani, hawakuwahi kusemeshana na wale wezi wa majibu. Anasema mwenzake mmoja ana kampuni ya maji, mwingine ya mabasi, zote ziko sokoni, zote bei ya kutupa. Watu wawili wasiopatana tangu utotoni!

Binti alikuwa na pini mdomoni, hakuweza kusema kitu. Alipotoka kutafuta uzi, nimemwomba mama yule simu, nikisingizia kumsalimia mgonjwa mwenzangu.

Nimemwambia dalali ile fedha iliyobaki asiitume kwanza. Kauliza kama nina hakika. Nimemwambia mimi si mtu wa kurudia kosa: safari hii tunanunua mkondo B.