Hedifoni Ulizonichagulia Zinafanya Kazi Kupita Kiasi

Dada Mwenye Duka la Vifaa vya Sauti,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba duka lako linakwenda vizuri kuliko nyumba yangu.

Mimi ni yule mama wa masijala niliyekuja mwezi uliopita kuchagua hedifoni ndogo zisizo na waya, za kusikilizia redio ninapotembea kwenda kazini. Huwa natembea na mume wangu, fundi bomba, dakika arobaini kwenda na arobaini kurudi, mwaka wa kumi na tisa sasa. Mume wangu ni mtu wa maneno. Silalamikii hilo. Nakulalamikia wewe, kama ifuatavyo:

1. Ulinishauri vizuri mno. Nilishashika zile za bei rahisi zinazoning'inia mlangoni, ukasema, "Mama, hizo zitakudondoka kabla hujavuka barabara." Ukanijaribishia vimpira vya masikioni vya saizi tatu, ukaniambia nitikise kichwa, nitafune, niruke. Nikaruka, mtu mzima mimi, mbele ya wateja. Vya kati vikanikaa sawasawa, na mpaka leo havijadondoka hata mara moja.

2. Zinazuia kelele. Ulisema zitazuia honi na mashine za kuchomelea vyuma. Hukusema zitamzuia na mume. Naona midomo yake inacheza, nami naitikia kwa kichwa.

3. Kwa kuitikia huko, ndani ya wiki tatu nimekubali bila kujua wifi yangu ahamie kwetu na vitanda vyake viwili, sebule ipakwe rangi ya chungwa, na mimi niimbe kwenye harusi ya bosi wa mume wangu. Wifi ameshafika. Rangi imeshakauka. Harusi ni Jumamosi. Mume wangu anawaambia mafundi wenzake kwamba ndoa yetu imerudi ujanani, kwa kuwa siku hizi namsikiliza.

4. Chaji haiishi. Inakaa saa saba, kwa mwendo wa dakika arobaini! Za shemeji yangu huzima njiani, naye hulazimika kuongea na watu.

5. Hili ndilo lililonishikisha kalamu. Jumanne ya wiki iliyopita, kama nilivyokuja kujua baadaye, mume wangu alinieleza njiani kwamba macho yake yanaona ukungu, kwamba daktari amemwita Alhamisi, na kwamba anaogopa kwenda peke yake. Tangu nimjue hajawahi kukiri kuogopa kitu. Mimi nikaitikia huku nikitabasamu, maana mchezo wa redioni ulikuwa umefika patamu. Alhamisi akanisubiri kwenye benchi la kliniki mpaka walipomwita mara ya tatu. Aliporudi hakugomba. Alisema tu, "Nilidhani umenielewa," akaenda kuoga. Nashukuru amepewa miwani tu, hakuna baya zaidi. Lakini, dada, kwa siku mbili alitembea kando yangu kimya. Nilizivua hedifoni, nikasikia viatu vyetu tu.

Kwa sababu hizo, naomba kwa heshima unibadilishie, unipe hedifoni mbovu. Ziwe za kudondoka kila hatua kumi, zikwaruze, na chaji isizidi dakika tano. Kama huna mbovu, basi uharibu kitaalamu ile ya sikio la kulia, ambako ndiko anakotembea yeye, na uniandikie kwenye risiti kwamba imeharibika ipasavyo.

Nisalimie mafundi wako wote hapo dukani, na mama yako aliyekuwa akisinzia kwenye kaunta.

Mteja wako asiyesikia,
Mama wa masijala

Nyongeza: Barua hii imekaa mkobani siku mbili. Leo asubuhi niliziacha hedifoni nyumbani kwa makusudi, nikamsikiliza mume wangu njia nzima, masikio wazi na moyo mweupe. Amechangamka sana na miwani yake. Amenifafanulia tofauti ya bomba la nusu inchi na la robo tatu, kuanzia getini kwetu hadi mlangoni kwa ofisi yangu, na jioni ameahidi kuendelea na viungio. Tafadhali usibadilishe chochote. Nauliza tu kama zipo zinazokaa na chaji saa kumi. Uniwekee jozi mbili, kwani wifi naye ataanza kutembea nasi Jumatatu.