Nimejinyang'anya Ruhusa Mbele ya Mzee

Jamani, leo nimejiaibisha, tena kikaoni, tena nikiwa nimevaa tai.

Mnajua mimi ndiye natunza mfumo wa kiwanda chetu cha minofu ya sangara hapa Nyakato. Kanzidata yetu iko kwenye seva ya kukodi, huko mtandaoni, na kila mtu alikuwa na ruhusa ya kila kitu: kusoma, kuandika, kufuta. Nikaitisha kikao nikomeshe mchezo huo. Nikawasha projekta, nikakaa nimekunja nne, nikamgeukia Mama Koku wa uhasibu.

"Mama, kwa kazi yako, kufuta unafuta nini?"

"Sifuti kitu, baba."

"Sasa ruhusa ya nini?"

Nikajisikia waziri.

Akaunti ya Mzee, meneja wetu, aliyekaa mwisho wa meza, sikuigusa. Haitumii kabisa, lakini tulimpa ruhusa zote kwa heshima. Utamwekaje mzee chini ya vijana? Sisi wengine wote, hadi karani wa mizani, tulikuwa kundi moja la wasimamizi. Nikaandika amri ya kulinyang'anya kundi hilo kila ruhusa, ili kisha nimgawie kila mtu za kazi yake tu, nikabonyeza kwa madaha.

(Mmeona nimesema "sisi"? Mimi niliona baadaye.)

Simu ikalia. Karani wa mizani.

"Kaka, mfumo haupokei uzito. Malori ya samaki yamefika toka mwaloni, kule ziwani, na barafu inayeyuka."

"Dakika moja tu," nikasema, nikicheka. Nikajaribu kumrudishia ruhusa. Ukutani, mbele ya wote, mfumo ukaandika: HUNA RUHUSA. Nikajaribu tena. Huna ruhusa. Samaki wa watu wataoza kwa sababu yangu! Jasho likafika kwenye tai.

Mwenye uwezo alibaki mmoja. Nikakunjua nne.

"Shikamoo, Mzee." (Asubuhi nilishamwamkia.)

"Marahaba. Kuna nini tena?"

"Naomba unipe ruhusa."

Kabla hajajibu, Mama Koku akakohoa. "Baba, kwa kazi yako, kufuta unafuta nini?"

Watu walicheka hadi Mzee akavua miwani afute machozi. Nikasimama nyuma yake kumwelekeza, naye akabonyeza kwa kidole kimoja, taratibu, kama anapima homa. Karani akarudishiwa yake, samaki wakapimwa. Mama Koku pia akapewa. Mimi nimepewa ya kusoma tu, "mpaka utulie."

Naomba msinicheke. Anayetaka kucheka apitie kwa Mzee, ruhusa zote anazo yeye.