Dawa Haijakauka

Jumatatu, 15 Juni 2020
Korona imeniharibia usingizi. Zamani wapangaji wa nyumba hii ya Chaani walitoka asubuhi kwenda kazini, na mimi, keyateka, mtunza nyumba, nikabaki mfalme. Nafagia ngazi, nalala hadi alasiri. Sasa wako nyumbani kutwa. Bi Mwanarehema wa orofa ya tatu hukaa roshanini akinitazama. Leo kampigia simu mwenye nyumba, Mzee Abdulghani, kusema mimi, Tsuma, nalala mchana. Mzee hajatoka kwake Nyali tangu Machi, kwa ajili ya umri na sukari. Kasema Ijumaa ataikagua nyumba kwa video. Asiporidhika, kazi pamoja na chumba ninachokaa na mke wangu Kache vitakwenda kwa Tinga, bawabu. Tinga! Mtu anayepiga pasi sare ili akakalie kreti la soda.

Jumanne, 16 Juni
Nimebandika tangazo: paa litapuliziwa dawa ya korona kila siku baada ya adhuhuri, hakuna kupanda hadi ikauke, alasiri. Nikavaa bomba mgongoni, nikapanda. Ndani ni maji na sabuni kidogo ya harufu. Nimelala kivulini mwa tangi. Upepo mwanana.

Jumatano, 17 Juni
Heshima imerudi. Bi Mwanarehema kaniombea dua, akasema wallahi hakunijua. Tinga kaomba nimfundishe kupulizia. Nikamwambia hiyo ni elimu. Nikamkabidhi kufuli ya mlango wa paani, aufunge kila nikishapanda, asije mtu akapanda kuanika nguo akanikuta nakoroma. Kache kasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ina orofa nne.

Ijumaa, 19 Juni
Nimepitiwa. Kuamka, ukaguzi umeanza bila mimi. Nasikia sauti ya Mzee ngazini, simu kaishika Tinga. Nikagonga mlango. Tinga, kwa adabu zote, akajibu kwamba dawa haijakauka na tangazo ni langu mwenyewe. Nikasema imekauka. Akasema alasiri haijaadhiniwa.

Mzee akauliza Tsuma yuko wapi. Bi Mwanarehema akamjibu kwamba yuko paani anajitoa mhanga kwa ajili yao, na hata sasa hataki kushuka. Mzee akasema hajapata kuwa na mfanyakazi kama huyu, na ni dhambi kumfungia katika nyumba moja. Kuanzia Jumatatu nitapulizia nyumba zake zote, Magongo, Mikindani hadi Miritini. Na kwa kuwa sitakuwa na muda wa kukaa hapa, keyateka ni Tinga. Apewe na chumba.

Ningesema ni maji? Ningefukuzwa papo hapo. Nikashukuru kupitia upenyo wa mlango.

Jumatano, 24 Juni
Tumehamia sebuleni kwa Sidi, dada yake Kache. Mabega yanauma, na Mzee hunifuata kwa video nyumba baada ya nyumba. Nikikikumbuka chumba changu machozi hunilenga. Kache kasema yaliyonipata yatosha kunifunza, nimwambie Mzee kweli. Nimekubali. Kesho nitampigia nimweleze kwamba dawa imeniingia kifuani, nahitaji chumba cha peke yangu na mapumziko ya wiki mbili. Tangu adhuhuri nafanya mazoezi ya kukohoa, kwa nguvu, mlangoni. Majirani wote washafunga madirisha. Dalili njema.