Tarakimu Ishirini za Sini ya Digrii Moja

Jumatatu, 3 Machi
Mapumziko ya chai. Meza ya Mwalimu wa Fizikia imefurika, wengine wamekalia dirisha. Meza yangu: mimi, kikombe, na rundo la madaftari ya Hisabati. Fizikia kawachekesha tena. Eti pembe ikiwa ndogo, sini na tanjenti yake ni mamoja, sisi watu wa hesabu tunajitesa bure na desimali. Kicheko! Hata Mwalimu Mkuu, ambaye hacheki.

Nimepata dawa yake. Nitakariri sini ya digrii moja, tarakimu ishirini baada ya nukta. Ijumaa naimwaga mbele ya wote. Wahamie kwangu.

Jumanne, 4 Machi
Nimenakili kutoka kitabu cha majedwali, maktaba. Mkutubi akauliza ni za darasa gani. Nikasema ni siri. Akasema haya, akaendelea kubandika lebo. Nilitumaini angedadisi zaidi.

Jumatano, 5 Machi
Tarakimu kumi na nne! Nakariri nikifua, nikipiga pasi. Tangu mama watoto atutoke, nyumba hii haijasikia maneno mengi hivi. Binti yangu alipiga simu. Nikamsomea zote. Akauliza kama nimekula. Nikasema moja, saba, nne, tano ndicho chakula changu. Hakucheka.

Ijumaa, 7 Machi
Aibu! Nilisimama, nikakohoa. Sifuri nukta sifuri moja saba nne tano. Kimya kitamu, macho yote kwangu! Tano tena, sifuri, sita... Fizikia akainua kikokotoo. Akasema kwa upole, mzee mwenzangu, baada ya ile tano inakuja mbili. Nikabisha. Nikakimbilia maktaba na karatasi yangu. Lo! Kitabuni safu ya sini na ya tanjenti zimekaa bega kwa bega, na tarakimu tano za mwanzo ni zilezile. Nimekariri tanjenti. Wiki nzima!

Fizikia akanifuata hadi kwenye rafu za nyuma. Akasema yeye hawezi kukariri hata namba yake ya simu. Akanikaribisha kwake kesho, chakula cha mchana. Watoto wake wangependa kunisikia. Nikasema nina wageni.

Jumamosi, 8 Machi
Sina wageni. Ila ule ni mtego, anataka kunifanya kichekesho hadi nyumbani kwake. Saa nane mchana, hodi. Yeye! Nikajibanza nyuma ya mlango wa jikoni, sipumui. Akabisha mara tatu. Akasema kwa sauti kwamba walinisubiri. Kisha viatu vikaondoka. Kizingitini: bakuli lenye mfuniko, bado la moto.

Jumapili, 9 Machi
Nimemaliza lote. Kitamu, nakiri. Binti kanisihi nirudishe bakuli mwenyewe, nikae, nizungumze na watu. Nimemwambia litarudi, ila kwanza kosini ya digrii moja, tarakimu thelathini. Zinaanza na tisa, tisa, tisa. Nyepesi! Nahitaji tu wiki tatu bila usumbufu.

Nimetia komeo mlango.