Ua wa Nakirionet na Maji ya Kutazamwa

Lodwar, Jumatatu, kabla ya joto kuamka

Ndugu Mhariri wa Upepo wa Turkwel,

Ejok, ndiyo salamu yetu. Nakuandikia nikiwa na afya, nikiwa na hasira, na nikiwa na akili zangu zote, ingawa hili la tatu linapingwa na Bi. Jerusha Losike, mwenyekiti wa Chama cha Maji na Mandhari, ambaye ndiye ninayemlalamikia. Mimi ni Esekon Aukot, muuza maji. Nilianza na punda mmoja na mitungi minne. Leo nina mikokoteni tisa ya punda hapa Lodwar na lori moja linalofika Kakuma. Shule niliiacha darasa la tano, lakini kuzidisha na kugawanya niliondoka navyo.

Kisa chenyewe si kirefu. Chama hicho kimezungushia ua wa waya kisima cha Nakirionet, kile kilichochimbwa mchangani kwenye mto mkavu, ukitoka mjini kuelekea barabara ya Kakuma. Ijumaa ijayo lango litatiwa kufuli na kutundikwa kibao: MAJI YA KALE. TAZAMA, USIGUSE. Familia sitini na tatu zinakunywa hapo. Maji mengine yaliyo karibu yako kilomita tisa. Wazo hili hawakulitoa kichwani mwao. Walilitoa Uingereza, na kwa bahati mbaya nilikuwepo likitolewa.

Malalamiko yangu nayapanga kwa namba, ili atakayejibu asiruke.

1. Tulipelekwa watu saba kujifunza usimamizi wa maji. Wale sita, Bi. Jerusha akiwemo, waliwakilisha wanaopanga. Mimi nilikuwa wa saba, nikiwakilisha wanaokunywa. Siku moja ilitengwa ya kutalii, basi likatuchukua London alfajiri likatupeleka mji mmoja wa zamani unaoitwa Aldwell, uliojengwa juu ya chemchemi ya maji moto. Mji ni mzuri, sitaki kusema uongo. Nyumba ni za mawe ya rangi ya asali, zimepangwa nusu duara kama watu wanaoota moto. Mvua ilinyesha tangu tuliposhuka. Wenyeji walikuwa wakituomba radhi kwa ajili yake. Bwana Mhariri, mtu mzima, amevaa vizuri, anakuomba msamaha kwa mvua. Mmoja nilimshika mkono nikamwambia hapana, wacha iendelee.

2. Katikati ya mji kuna birika kubwa la mawe lililojengwa na Warumi, lina nguzo pande zote na ngazi za kushukia majini. Ukiingia unavishwa kitu kama simu shingoni, inakueleza usimame wapi na ushangae nini. Yangu iliniambia nisimame kwenye namba kumi na moja, nimfikirie mtumwa aliyebeba taulo. Mimi nilifikiria maji. Maandishi ya ukutani yalisema chemchemi hiyo inatoa lita milioni moja kila siku. Nikapiga hesabu papo hapo: mitungi elfu hamsini ya lita ishirini. Familia ya Nakirionet inatumia mitungi mitatu kwa siku. Maana yake birika lile lingenywesha familia elfu kumi na sita, mia sita na ushee, mbuzi sijawatia. Nikamuuliza mama mmoja mwenye sare, nani anakunywa haya maji? Hakuna. Nani anaoga? Hakuna, si salama. Sasa yanakwenda wapi? Yanakwenda mtoni, akasema, huku akitabasamu. Nilitoa kigoda changu, kile ambacho mzee wa kwetu hasafiri bila hicho, nikakaa.

3. Hapa ndipo ninaposingiziwa kwamba niliaibisha ujumbe, na nataka wasomaji waamue. Maji ya birika lile yalikuwa ya kijani. Si kijani kidogo. Yalikuwa kama mboga. Sasa kwetu, ukifika kwenye kisima kisicho chako, hutangulizi kikombe. Unaingia shimoni, unachota utando na mchanga ulioporomoka, unautupa nje, ndipo mwenye kisima anakuita unywe. Mgeni anayekunywa kabla ya kusafisha ni mwizi, hata akisema asante. Nami nilikuwa mgeni. Nikavua viatu, nikakunja suruali, nikashuka ngazi mbili, nikaanza kuchota ule ukijani kwa kofia yangu na kuumwaga nyuma, kwenye sakafu ya Warumi.

Msichana mwenye redio ya mkononi akaja mbio. Bwana, bwana, tafadhali, akawa anasema. Nilimwambia asinishukuru, hata kwetu ni kawaida. Akamwita mwenzake, mwanamume mnene. Huyo nilidhani amekuja kusaidia, nikamsogezea nafasi.

Bi. Jerusha akashuka naye, uso umemkauka. "Mzee Esekon, toka huko. Unatuaibisha mbele ya watu."

Nikamwambia, "Mama, wenye aibu ni hawa. Wameacha maji yao mpaka yameota nywele."

"Hiyo ni historia, mzee."

"Hata historia inafagiliwa."

Nilitolewa nje kwa heshima sana, mmoja kushoto na mwingine kulia, kofia yangu ikidondoka utando. Hakuna hata mmoja kati ya wale sita aliyekunja suruali. Watu sita kutoka Turkana wamesimama ukingoni mwa maji machafu, mikono mfukoni. Hilo ndilo liandikwe kwenye ripoti.

4. Kwa kuwa nilikuwa nimelowa, walinipeleka kwenye ukumbi wa chai, mahali ambapo maji ya chemchemi hiyo, yakishasafishwa, unaruhusiwa kuyaonja kwa glasi. Watu watatu wanapiga fidla wakati unakunywa. Maji ni vuguvugu, ladha yake ni ya msumari. Mama aliyekaa meza ya jirani alimeza, akakunja uso, akasema ni mazuri ajabu. Sasa naomba nieleweke. Tangi jeusi la plastiki pale kwangu, saa nane mchana, linatoa maji ya joto hilo hilo na msumari ule ule. Wateja wangu hawajawahi kuyasifu. Wananitukana, na mama yangu wanamtaja.

Haya niliyasimulia Kakuma, kwenye hoteli ya Bior, mfanyabiashara kutoka Sudan Kusini ambaye lori langu humpelekea maji ya chai. Alinisikiliza mpaka mwisho, akapangusa meza, akasema, "Ya mzee, kwa hiyo maji ikikaa chafu miaka elfu mbili, inakuwa kanisa. Ikikaa chafu wiki moja, ni wewe." Hoteli nzima ilicheka. Nilikunywa chai yangu nikaondoka.

5. Tuliporudi, Bi. Jerusha aliandika ripoti. Naikubali nusu yake, ile inayosema tulifika. Nusu ya pili inasema kwamba Aldwell imetufundisha jambo kubwa: maji yakizungushiwa ukuta hupata thamani, na yakiguswaguswa huipoteza. Ndiyo maana Nakirionet imepata nguzo thelathini na waya mpya. Watalii wanaoelekea ziwani watasimamisha gari, watazame shimo letu, wapige picha, waendelee na safari.

Kwenye mkutano nilisimama nikauliza wananchi watakunywa nini. Nikajibiwa kwamba chanzo mbadala kitatambuliwa. Chanzo hicho mimi nimeshakitambua: ni miguu ya wanawake. Kilomita tisa kwenda, tisa kurudi, na kilo ishirini kichwani. Mama mmoja akienda kila siku, mwaka ukiisha atakuwa ametembea kilomita elfu sita, mia tano na sabini. Kwa ramani iliyoko ukutani pale shuleni, huo ni mwendo wa karibu kumfikisha Uingereza. Afadhali aunganishe tu, akanywe ile glasi na fidla.

Tena niseme wazi. Wananchi wanafika Nakirionet alfajiri, na wanaondoka wakiwa wamelemewa na mzigo. Wananchi wamechota hapo miaka mingi na hakuna aliyewahi kuwazuia. Wananchi hawakuulizwa kuhusu huu ua. Lango likifungwa, wananchi watasimama pale jua likiwapiga mgongoni, wasijue waende wapi, kwa sababu njia wanayoijua ni hiyo moja tu.

6. Nikiambiwa kwamba mimi napinga maendeleo, nitakataa. Kinachoniudhi ni kuiga nusunusu. Kama ni Aldwell, basi iwe Aldwell kamili. Kwanza, mvua. Ua bila mvua ni zizi tu. Chama kilete mvua, halafu Bi. Jerusha asimame barabarani akituomba radhi. Pili, fidla tatu. Tatu, magofu, na hapa kwa kweli tumebarikiwa. Tuna kioski cha maji karibu na soko, kina mabomba sita, na tangu kizinduliwe kwa utepe na keki hakijatoa tone. Kwa viwango vya Aldwell hicho si kioski kibovu. Ni urithi. Na sisi tuliokuwa tukisimama mbele yake na mitungi mitupu, kumbe tulikuwa watalii na hakuna aliyetuambia.

Nne, mifugo. Mbuzi wa watu wa Lokiriama hufika mpaka Nakirionet kiangazi kikizidi. Wavishwe zile simu shingoni, ziwaeleze taratibu kwamba mahali hapa ndipo bibi zao walipokuwa wakinywa, na sasa wasogee kwenye namba kumi na mbili. Mbuzi ni mnyama muungwana. Nina hakika atasikiliza mpaka mwisho kabla ya kula waya.

Tano, maji yenyewe. Ya kwetu ni meupe mno. Wanawake wanayachota kila siku na kuondoa mchanga kila siku. Hayapati nafasi ya kuzeeka. Mtalii gani atatoka Ulaya kuja kutazama maji unayoweza kuona chini? Yaachwe. Yaote nywele. Watoto wakianza kuhara tutawaeleza kwamba hiyo ni historia.

7. Nilikuwa nimalizie hapo, lakini kuna jambo halinitoki. Mwaka ule mvua ilipokataa kabisa na ng'ombe wakalala njiani kama mawe, Nakirionet haikukauka. Ilirudi chini, watu wakaifuata. Wanaume walichimba mpaka wakawa wanane wamesimama mmoja juu ya mwingine shimoni, ndoo inapanda kwa mikono, na aliyekuwa chini kabisa haoni mbingu. Waliimba ili ndoo isikose mkono. Kila aliyefika alikunywa, hata wale tuliokuwa na ugomvi nao. Sasa naambiwa maji hayo yamekosa thamani kwa sababu yaliguswa.

Kwa hiyo ninadai, kupitia gazeti lako linalosomwa hata na wasiolinunua, kwamba ua wote ung'olewe kabla ya Ijumaa: nguzo, waya, lango, kibao na misumari. Kisibaki hata kigingi. Wananchi waachwe huru kuchota watakavyo, saa yoyote, kiasi chochote, bila kupangwa na mtu. Nikikosa jibu, nitasimama mwenyewe mbele ya lile lango, na safari hii hakutakuwa na mtu mnene wa kunishika mkono.

Wasalimie wote hapo ofisini, pamoja na yule anayezifungua barua za wasomaji kwanza na kuzicheka. Wasalimie wachapaji. Msalimie Bi. Jerusha ukikutana naye, maana ni binamu wa mke wangu, na Jumapili tutakaa benchi moja kanisani tupende tusipende.

Ni mimi, niliyelowa Aldwell na ninayekauka Lodwar,

Esekon Aukot
Muuza maji, jumla na rejareja

Nyongeza: Bahasha nilikuwa nimekwisha kuifunga, imebidi niifungue. Mke wangu Nakal amerudi sasa hivi kutoka Nakirionet. Anasema wanawake walimkalisha Bi. Jerusha pale kisimani tangu asubuhi, wakamwingiza shimoni kwanza akasafishe, naye akakunja sketi akasafisha, ndipo wakampa maji, ndipo wakazungumza. Kufuli halitatiwa tena. Kibao kimelazwa chini, kinakanyagwa na wanaochota ili wasizame kwenye tope. Lakini ua wameomba ubaki. Wote, kwa sauti moja, na Nakal akiwa wa kwanza. Ila lango limepunguzwa: mwanamke na mtungi wake anapita, mbuzi anapita, mkokoteni haupiti. Upana huo Nakal aliupima kwa mkokoteni wangu mwenyewe, aliokwenda nao kwa kusudi hilo.

Nilimuuliza sababu. Akasema, "Baba Ekai, wewe si mtu wa hesabu? Mikokoteni tisa, mitungi ishirini kila mmoja. Zidisha." Ni mia na themanini. "Na sisi sote?" Familia sitini na tatu, mitungi mitatu kila moja: ni mia na themanini na tisa. "Sasa wewe unafika kabla ya jogoo, sisi tunafika tunakuta mchanga." Nikamkumbusha kwamba mimi ni mume wake. Akasema ndiyo, anajua, na jana alinunua maji kutoka kwangu.

Kwa hiyo, Bwana Mhariri, barua uichape kama ilivyo, usipunguze neno. Ila kila mahali nilipoandika "wananchi", weka "punda wangu".